Gari Lililosikia Foni ya Komanda

Gari langu la kwanza nililipata sokoni Nyawera, kwenye meza ya mwanamke aliyekuwa akiuza sufuria. Vita vya kwanza vilikuwa vimeshapita mjini. Nyumba za wageni waliokimbia zilikuwa zimemwagwa sokoni chumba kwa chumba, na wauzaji wengi hawakujua walichokuwa wakiuza. Mwanamke yule alikuwa amelipandisha gari juu ya rundo la vifuniko ili vifuniko visipeperuke. Lilikuwa jekundu, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, matairi ya nyuma mapana yenye meno, na springi zake zilikuwa bado zinaruka ukizibonyeza.

Nililitambua. Nilipokuwa msichana, mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa jirani yetu alikuwa na la namna ile. Lilikuja katika kisanduku likiwa vipande vipande, naye akaliunga kwa bisibisi likizo nzima, kisha akalikimbiza barabarani akilifuata kwa kaptula huku ameshika telekomande, kidude cha kuliongozea kwa mbali, chenye antena ndefu kuliko mkono wake.

"Hii ni ya mutoto?" nikamuuliza mwenye sufuria.

"Muzungu mwenye alikuwa nayo alikuwa na ndevu nyeupe," akasema. "Mutoto gani?"

Nilikuwa nimeshalishika kwa mbele wakati mkono mwingine ulipolishika kwa nyuma. Ulikuwa mkono wa mwanamume aliyevaa suti nyeusi na kubeba Biblia kwapani. Nilimjua kwa sura; alikuwa pasta wa kanisa lililo karibu na shule nilikofundisha Kifaransa.

"Samahani, Madamu," akasema kwa upole bila kuachia. "Hili gari ninalitafuta tangu Pasaka. Telekomande yake iko kwangu."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameipata kwenye meza nyingine, peke yake, na tangu wakati ule alikuwa akizunguka soko akitafuta gari lililozaliwa nayo. Tulibishana kwa adabu mpaka mwenye sufuria akachoka na kumuuzia yule aliyekuwa ameshika upande wenye usukani, yaani mimi. Basi mimi nikawa na gari, Pasta akawa na telekomande, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Hivyo ndivyo tulivyoanza urafiki.

Nilipofika nyumbani, mama yangu alilitazama gari pale juu ya meza kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepita miaka thelathini na sikuwa nimeolewa.

"Niliomba Mungu akuletee mutu mwenye gari," akasema. "Nilisema vibaya."

Pasta ndiye aliyenipeleka kwa Dokta. Dokta alikuwa daktari wa meno, mtu mnene, mwenye sauti ndogo, anayeishi mtaa wa Muhumba katika nyumba iliyokuwa na uwanja wa tenisi ambao hakuna aliyewahi kumwona mtu akichezea. Alikusanya magari ya telekomande tangu alipokuwa mwanafunzi Ulaya. Sebuleni kwake, kwenye kabati la vioo ambamo watu wengine huweka sahani za harusi, yalipangwa magari ya zamani: lenye paa la njano, lenye namba ya mashindano pembeni, moja lisilo na chochote isipokuwa chuma na nyaya. Alikuwa akiyasafisha kwa mswaki. Kutoka kabati lile Pasta alijipatia gari la kijani lenye telekomande yake.

Vipuri havikupatikana popote. Gia za plastiki zilipokatika meno, Dokta alitengeneza mpya kwa ile plastiki ya waridi inayotumiwa kutengeneza ufizi wa meno ya bandia. Alizikata kwa mashine yake ya kliniki, ile ile ya kutobolea meno. Ukilipindua gari langu ulikuta tumboni mwake gia za rangi ya ufizi, zinang'aa, na ulihisi kwamba unaona kitu ambacho hukupaswa kuona. Kuna mzee mmoja aliyesubiri meno yake ya juu msimu mzima kwa sababu plastiki iliishia kwenye gari la Pasta. Dokta alimwambia kwamba ufizi wake bado unajiandaa.

Tulishindana Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja ule wa tenisi. Shida ilikuwa moja. Katika kila telekomande kuna kijiwe kidogo kinachoamua ni gari gani litaisikia, na gari langu jekundu na gari la kijani la Pasta yalikuwa na kijiwe cha namna moja. Ukiwasha telekomande mbili, magari yalipagawa. Ukiwasha moja, magari yote mawili yaliitii. Tulijaribu kupokezana lakini tuligombana. Mwishoni tulikubaliana kwamba Dokta, kwa kuwa hakuwa upande wa mtu, ashike telekomande moja na kuyaendesha yote mawili kwa pamoja, na litakalotangulia kufika ndilo mshindi.

"Dokta, leo umempendelea Madamu," Pasta alisema mara kwa mara.

"Pasta, ni kidole kimoja," Dokta alimjibu. "Nitampendelea namna gani kwa kidole kimoja?"

"Moyo unaweza kupita hata kwenye kidole."

Tulifanya hivyo kwa uzito kabisa. Pasta alikuwa akifunga kabla ya mashindano makubwa.

Kisha vikaja vita vya pili. Wakubwa wapya walichukua mji, shule zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Jumba lililopakana na la Dokta lilikuwa tupu. Asubuhi moja tulikuta askari wanapandisha juu ya paa lake mlingoti mrefu wenye nyaya pande zote. Komanda alikuwa amehamia pale pamoja na foni yake, ile redio kubwa ya kuzungumzia na watu walio mbali, porini au mji mwingine.

Jumapili iliyofuata, gari langu lilikuwa katikati ya uwanja, telekomande ikiwa imezimwa, lilipoanza kutikisa magurudumu ya mbele kushoto na kulia, kama mtu anayekataa kitu kwa kichwa. Kisha likaondoka. Lilikwenda moja kwa moja hadi kwenye wavu wa uzio, likagonga, likarudi nyuma, likagonga tena. Pasta akavua kofia. Kutoka upande wa pili wa ukuta tulisikia sauti ya mtu akipiga kelele kwenye foni: "Alo, alo, unanipata?" Alipoacha, gari liliacha. Alipoendelea, gari liliendelea.

Dokta alielewa wa kwanza. Foni ilikuwa karibu mno na ilikuwa na nguvu mno, na magari yetu ya kizee yalikuwa na masikio yasiyochagua.

Aliyeelewa wa pili alikuwa mama mmoja aliyeuza makala, yaani makaa, kwenye kona ya njia, nje ya uzio. Alituona tukilitazama gari, akalitazama na yeye. Mchana ule lilitikisika mno, na jioni risasi zikasikika upande wa milimani. Kesho yake hakufungua gunia lake kabla hajaja kwenye uzio.

"Dokta, motokari imesema nini?"

"Haisemi, maman. Inatikisika tu."

"Imetikisika leo?"

"Bado."

"Basi nitauza," akasema, akaenda kufungua gunia.

Kabla ya mwezi kwisha kulikuwa na watu kwenye uzio ule kila alasiri, akina mama wenye watoto mgongoni, mwalimu mwenzangu mmoja, hata karani wa ofisi na mkoba wake. Tulilipandisha gari juu ya tofali ili magurudumu yazunguke bila kulipeleka mahali. Ili lisizimike, watu walileta mawe ya tochi, yaani betri, kutoka majumbani kwao, na wengine walikaa gizani kwa ajili hiyo. Likitikisika kidogo, watu walibaki. Likitikisika sana, walikwenda kufunga magodoro. Mara mbili hivi lilipotikisika sana kweli palitokea vurugu, na mara nyingine zote hapakutokea kitu, lakini hizo hakuna aliyezikumbuka. Mimi nilikuwa nimesoma chuo kikuu, na nilipopita pale nikienda shuleni nilikuwa naangalia magurudumu kwanza.

Siku niliyokusudia kuisimulia ilianza kwa mvua. Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa kwa Dokta nikibadilisha springi. Gari lilianza kutikisika kabla hatujanywa chai, na halikuacha. Mama wa makala alikuja na kipande cha plastiki kichwani.

"Inatikisika namna gani?" akauliza, ingawa alikuwa akiliona.

"Sana," Dokta akasema.

Mama yule alirudi kwenye kona yake. Alifunga gunia, akaita wajukuu, akapita na godoro kichwani. Waliomwona wakafunga vya kwao. Kufikia katikati ya asubuhi njia ilikuwa imejaa watu, masufuria, mbuzi, na mwanamume mmoja aliyebeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Alisema kwamba safari iliyopita waliiba mlango, kwa hiyo safari hii angekimbia nao.

Askari wa kizuizi waliwaona watu, wakauliza wanakimbia nini. Watu wakasema ni vita. Askari, ambao hawakuwa wameambiwa habari ya vita yoyote, waliogopa, wakakimbia kumwambia Komanda kwamba raia wanahama, bila shaka adui amekaribia. Komanda akaingia kwenye foni kuuliza adui anatoka wapi. Waliopokea hawakujua, wakawauliza wengine, na wote wakarudi kumuuliza yeye. Gari likaanza kurukaruka juu ya tofali. Waliokuwa bado wamebaki kwenye uzio walipoliona linaruka, wakakimbia na wao.

Pasta alifika akihema, suti imelowa. "Kanisani wanasema adui ameingia. Nani aliwaambia?"

"Gari," nikasema.

"Na gari liliambiwa na nani?"

"Na Komanda."

"Komanda ndiye yuko barabarani anauliza watu nani aliwaambia."

Tulitazamana. Kliniki, chumba cha mbele cha nyumba ile ile, kulikuwa na mgonjwa ambaye Dokta alikuwa amemchoma sindano ya ganzi kabla ghasia haijaanza. Alikuwa ametoroka na kitambaa cha kliniki kifuani, mdomo umelegea upande mmoja, na baadaye tulisikia kwamba kwenye kizuizi alijaribu kuwaeleza askari alikotoka, wakamdhania amejeruhiwa, wakampisha mbele ya watu wote.

Nilijifunga kitambaa kichwani, nikakaza kamba ya kiatu changu, nikitaka kuondoka, kisha nikaketi tena. Sikujua nikimbie kitu gani. Hofu ilikuwa ya kweli, na wakati huohuo nilijua ilikotoka: ilikuwa imetoka kwenye tofali lile mbele yangu. Kujua hakukunisaidia. Nadhani hicho ndicho nilichojifunza kuhusu vita.

Alasiri, hapakuwa na risasi hata moja. Watu walianza kurudi, polepole, bila kutazamana machoni. Mwenye mlango alipita akiwa ameubeba upande ule ule. Na nyuma yao walikuja askari, wakatuchukua sisi watatu, magari mawili na telekomande.

Komanda alitupokea sebuleni. Nilitegemea mtu wa kutisha. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini na viatu vya plastiki, anayekunywa maji ya moto kwa ajili ya tumbo. Aliinyoosha antena ya telekomande hadi mwisho.

"Hii inasema na nani?"

"Na motokari, Komanda," Dokta akasema.

"Na motokari inasema na nani?"

"Na hakuna mutu."

Komanda hakuamini. Alimwambia askari wa foni azungumze. Gari langu lilikuwa sakafuni. Askari alipofungua mdomo, lilitikisa magurudumu, likavuka zulia, likagonga kiatu cha Komanda, likakaa pale likisukuma. Askari wawili walipanda juu ya viti. Komanda hakusogea. Alimwashiria mtu wa foni anyamaze, likatulia. Alimwashiria aseme, likasukuma.

"Donc, kwa hiyo nikisema," akasema taratibu, "batu bote bananiona."

"Hawasikii maneno," Dokta akasema. "Wanaona tu kama unasema."

"Na nikisema sana?"

"Wanakimbia."

Komanda aliweka telekomande chini. Kisha akasema, akitazama maji yake, "Leo asubuhi nilikuwa nasema na muyomba wa ule binti mwenye ninataka kuoa. Iko Kalehe."

Hapo, aliposikia habari ya mjomba wa mchumba, Pasta alisogeza kiti chake karibu na kutumia ile sauti aliyotumia kwa wachumba kanisani. "Muyomba anakataa?"

"Hakatai. Anasema nifike mimi mwenyewe, mwanaume haoi kwa foni. Nikamwambia njia imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na siye," Komanda akasema.

Hakuna aliyecheka. Nilijua kwamba nikicheka tu, hatutatoka pale. Nilitazama gari langu pale kwenye kiatu chake na kuuma shavu kwa ndani.

Hakutufunga. Alitoa amri. Tangu siku ile, kabla hajazungumza na Kalehe, askari mmoja angekuja mbio kwa Dokta na kusema, "Ni mambo ya ndoa," nasi tungetundika kitambaa cheupe kwenye uzio. Gari likitikisika na kitambaa kipo, watu wasikimbie. Kitambaa kisipokuwepo, kila mtu aamue mwenyewe.

Basi mtaa ukaanza kufuatilia posa ile. Alasiri watu walisimama kwenye uzio, kitambaa kikipepea, wakitazama magurudumu. "Leo muyomba anasema mingi," mama wa makala alieleza, kama kwamba anasikia. Likitulia ghafla walisikitika. Nilishangaa kwamba karibu wote walikuwa upande wa mjomba. Walimtuma Dokta amwambie Komanda ampelekee mzee yule kofia nzuri na kuacha kupaza sauti, kwa maana gari lilikuwa linaruka mno, na mkwe hazungumziwi hivyo. Dokta alikataa kwenda. Pasta ndiye aliyekwenda, na Komanda alishukuru. Siku zilizofuata gari lilitikisika kwa adabu.

Halafu Komanda akataka kushindana. Alikuja Jumapili na walinzi, akachagua gari la kijani la Pasta, akasimama nyuma ya mstari mikono mgongoni. Tulimweleza habari ya kijiwe, kwamba magari yote mawili yataendeshwa na Dokta kwa telekomande moja. Alifikiri.

"Kwa hiyo Dokta ndiye anaamua."

"Sichagui kitu, Komanda," Dokta akasema. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye kola. "Ni kidole kimoja."

"Nitaangalia hicho kidole," Komanda akasema.

Magari yaliondoka pamoja. Sijawahi kumwona mtu akiendesha kwa hofu namna ile. Dokta alikuwa akinong'ona, nadhani alikuwa anasali, mtu ambaye hakuingia kanisani hata Krismasi. La kijani lilitangulia kwenye kona ya kwanza, langu likalipita kwenye ya pili kwa sababu gia zake za ufizi zilikuwa mpya. Niliomba lipinduke. Yalipokaribia mstari wa mwisho, langu likiwa mbele kidogo, magari yote mawili yalisimama, yakatikisa magurudumu, yakageuka pamoja kama askari kwenye gwaride, yakapita kwenye tundu la wavu na kuteremka ngazi za bustani. Tuliyasikia yakianguka moja baada ya jingine ndani ya mfereji.

Mtu wa foni alitokea ukutani, amesahau kofia.

"Komanda, muyomba ameitika ndoa."

Komanda alisimama palepale. Uso wake ulikuwa kama wa mvulana aliyeitwa jina lake siku ya matokeo. Baada ya muda alimgeukia Dokta.

"Nani ameshinda?"

Dokta alitazama mfereji, akanitazama mimi, akamtazama Pasta.

"Muyomba," akasema.

Komanda alikubali kwa kichwa, akaenda kuzungumza na wakwe zake. Jioni ile watu wa mtaa walipiga vigelegele kwenye uzio. Nami nilipiga, ingawa nilijua ni nani aliyekuwa amefunga njia ya Kalehe, na kwamba shangazi yangu alikuwa upande wa pili wa njia hiyo na hatukuwa na habari zake.

Baada ya ndoa Komanda alihamishwa kuelekea mji wa Kamituga. Askari waliteremsha mlingoti, na mmoja wao akaja kuchukua gari langu jekundu. Nilimletea telekomande, nikidhani aliisahau. Akasema Komanda hakuiomba. Gari lile halikuihitaji. Sikubishana. Nililitazama likiondoka nyuma ya kamioneti, juu ya magunia ya mchele, linatazama nyuma.

Gari la Pasta lilishika nafasi yake juu ya tofali. Foni ilikuwa imekwenda, kwa hiyo halikutikisika tena. Tulidhani watu watafurahi. Lakini walikuja alasiri kama kawaida, wakalitazama lilivyotulia, na nyuso zao zikawa mbaya kuliko siku ya mbio za magodoro. Gari lililotikisika walijua kulisoma. Kimya hawakukijua. Mama mmoja alisema hakulala usiku kucha kwa kungoja kitu ambacho hakikutangazwa. Wengine walihamia kwa ndugu zao, tu kwa ajili ya kimya kile.

Ndipo Dokta alipoanza kuketi ndani, nyuma ya pazia la kliniki, akiwa na telekomande, na kulitikisa gari kidogo kila alasiri, kiasi cha kawaida, kiasi cha mtu anayezungumza habari za nyumbani. Pasta alipogundua, alikaa siku kadhaa bila kuja, kisha akarudi, akasema amesoma Biblia yake na hakupata mahali jambo hilo lilipokatazwa waziwazi. Watu walitazama, wakapumua, wakaenda kupika.

Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Alasiri moja nilikuwa nimesimama kwenye uzio wakati upepo ulipolipeperusha pazia la kliniki, na Dokta akaonekana wazi, antena imenyooshwa, kidole juu ya kitufe. Mama wa makala alikuwa kando yangu. Alimwona. Dokta naye aliona kwamba ameonwa, akaganda.

Mama yule alijifunga kitenge vizuri.

"Dokta," akasema, "kesho uitikise mapema kidogo. Niko na magunia ya kupokea."